Kwa huyu bwana wa Mwanga picha halianzi, linaendelea tu! Na mimi si mtu wa kuambiwa nikaangalie nzi!

Siti ya Mbele (mleta uzi)

Wakuu, sina salamu. Nimetoka pale sasa hivi, miguu bado ina vumbi la njiani, na hii simu naibonyeza mpaka kioo kitapasuka. Wasimamizi, naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho. Sicheki.

Jina simtaji. Mtu yeyote wa Mwanga, hapa Kigoma, anamjua. Yule mwenye kibanda umiza cha turubai la bluu, mwenye subufa inayokoroma kama ng'ombe mwenye mafua, anayejiita mtafsiri. Huyo huyo.

Sasa picha linaanza... hapana, samahani, hiyo ndiyo shida yenyewe. Kwake picha halianzi!

Kaandika ubaoni kwa chaki: LEO KIKOBOI, SAA 2 USIKU, 500. Nikauliza kikoboi gani, nikaambiwa lile la Sergio Leone la 1968, Once Upon a Time in the West. Wakuu, hilo picha baba mdogo alikuwa akinisimulia tangu nina miaka minane, marehemu, alale pema. Nikaoga. Nikavaa shati la kola. Nikawahi siti ya mbele jua halijazama vizuri, karanga mkononi, na shemeji yangu pembeni, naye nimemlipia mimi.

Kwa msiolijua: linafungukia stesheni, jangwani. Wanaume watatu wanasubiri treni. Basi. Dakika kumi na zaidi, hakuna muziki, kinu cha upepo kinalia kwiii kwiii kama baiskeli ya mzee wa Ujiji isiyojua grisi. Mmoja anadondokewa na matone ya maji kichwani, hasogei, anavaa kofia na kuacha maji yajae humo. Mwingine anavunja vidole, ka, ka, ka. Wa tatu nzi kamtua usoni. Anampuliza, nzi anarudi. Anatembea kwenye ndevu. Mwisho jamaa anamnasa kwenye mtutu wa bastola, anaziba kwa kidole, anasikiliza anavyovuma mle ndani, anatabasamu. Hujaambiwa neno lolote la maana na tayari unajua: hawa wamekuja kuua mtu, na hawana haraka.

Bwana yule akashika rimoti. Akasema kwenye maiki: "Hapa hamna kitu jamani, watu wanasubiri treni tu."

AKABONYEZA.

Wakuu, akapeleka mbele! Wale watatu wakaanza kutikisika kama wana malaria. Nzi akapita kwenye ndevu kama bodaboda aliyeona trafiki. Treni ikaingia na kutoka kwa sekunde mbili, hata treni ya mchongoko, ile ya umeme, haijawahi kukimbia vile. Alipoachia kidole, watu watatu wako chini na wa nne anajiinua. Mtoto mmoja kauliza, "Hawa wamefanywa nini?" Bwana yule akatafsiri:

"Hawa wamepata ajali ya treni."

AJALI YA TRENI.

Sisi! Watu wa mwisho wa reli! Nani nchi hii anajua kungoja treni kuliko mtu wa Kigoma? Mimi nimelala stesheni na madumu ya mawese, nimehesabu madirisha yote ya lile jengo la Mjerumani, nimewapa majina mbu wawili. Limepatikana picha moja duniani linaloanza na maisha yetu, yeye kaona hapo hamna kitu.

Nikasimama. Kwa adabu kabisa: "Ndugu yangu, rudisha mwanzo, hapo ndipo picha lilipo." Hakuzima maiki. Angezima maiki nisingefungua uzi. Mbele ya watu wasiopungua elfu tatu, kibanda chenye mabenchi manane, akasema:

"Mzee, kama unataka kuangalia nzi nenda Kibirizi kwenye dagaa, kule bure."

Kibanda kikaanguka. Shemeji yangu, wa tiketi yangu na karanga zangu, alicheka mpaka akatoka nje kushika mti. Nenda Kibirizi ukaangalie nzi. Bure. Kwa maiki.

Na si mara ya kwanza. Lile la kutisha la 1978, Halloween, mwanzo wake unaona kwa macho ya muuaji mwenyewe: unazunguka naye nyumba, unashika naye kisu, unapanda naye ngazi, halafu anavuliwa kinyago, ni mtoto wa miaka sita. Bwana yule akaanzia muuaji ameshakuwa lijitu zima. Tukakaa mle tunadhani ni kibaka. Ukikata mwanzo mapicha yote yanakuwa moja: watu wanakimbizana, taa zinawaka, toa mia tano nyingine.

Mwaka 1960 Hitchcock alipotoa Psycho aliagiza kwenye majumba ya sinema kwamba likishaanza asiingie mtu, awe nani. Wenzetu wanamzuia aliyechelewa, wa kwetu anamtukana aliyewahi!

Nataka mia tano yangu. Na ya shemeji. Hapana, ya shemeji abaki nayo, imelipia kicheko.

Mwana wa Gungu

Uzi bila picha?

Siti ya Mbele

PICHA SI NDIO KAKATA!!

Binti Ujiji

Nilikuwepo, benchi la nyuma yako. Mbona husemi kwamba baada ya kutukanwa ulikaa ukamaliza picha lote, na karanga ukaongeza?

Siti ya Mbele

Nilikuwa nimelipa.

Embe Dodo

Mkuu pole, ila shukuru. Huku Tabora wa kwetu haruki mwanzo, anakupa mwisho mwanzoni. Steringi hajashuka kwenye farasi, jamaa yuko kwenye maiki: "Huyu mnayemwona hapa atakuja kuuawa na mdogo wake wa kambo." Unamalizia saa mbili nzima unamsubiri mdogo wa kambo kama mkopo. Na anatafsiri kila kitu. Mvua ikinyesha anasema "mvua inanyesha". Farasi akilia anatafsiri.

Mwana wa Gungu

Farasi huwa anasemaje?

Embe Dodo

Amechoka.

Fundi Redio

Mleta uzi, povu lipungue kidogo. Picha hilo nami nalipenda, ila bwana wako ana ukoo mrefu. Mwaka 1903 Edwin Porter, akiwa kwa Edison, alitoa The Great Train Robbery, kama dakika kumi na mbili hivi, majambazi wanavamia treni. Lina kipande kimoja jambazi anakukazia macho wewe uliyekaa na kukufyatulia bastola. Sasa sikia: katalogi ya Edison iliwaambia wenye kumbi kipande hicho wanaweza kukiweka mwanzo au mwisho, wapendavyo. Yaani mwenye kibanda anachezea mwanzo tangu kikoboi kiko kwenye nepi. Na wakati huo hakuna aliyeliita la kikoboi, kwa watu lilikuwa picha la ujambazi na fukuzana. Jina la ukoo lilikuja baadaye, walipotokea wa kuiga wengi.

Na hao watatu wako wa stesheni Leone hakuwaota. High Noon, 1952: wanaume watatu wanasubiri stesheni treni ya saa sita mchana, inamleta bosi wao Frank aje kulipiza kisasi. Picha karibu lote ni kusubiri na kutazama saa ya ukutani. Leone kawachukua wale wale, kawaleta mbele kabisa, bosi naye anaitwa Frank, ila safari hii Frank haji, katuma watu. Anayeshuka ndiye anayemtafuta Frank. Kwa hiyo aliyeliona la 1952 akiona watu watatu wamekaa stesheni anasema aah, hapa napajua, na hapo ndipo anapopigwa chenga. Wamekuja na farasi watatu, jamaa anauliza wa kwake yuko wapi, wanacheka kwamba kapungua mmoja. Anawajibu wamezidi wawili. Wote chini, na yeye kaguswa. Hiyo ndiyo ajali yenu ya treni.

Siti ya Mbele

Fundi, nilidhani uko upande wangu ukaanza na ukoo wake. Ila MNAONA? 1952 walisubiri karibu picha zima na hakuna aliyeambiwa aende Kibirizi!

Mwana wa Gungu

Fundi, hiyo treni ya saa sita ilifika saa sita?

Fundi Redio

Ndiyo.

Mwana wa Gungu

Basi hilo si la kikoboi, hilo ni la maajabu.

Binti Ujiji

Mnasahau la Kihindi. Sholay, 1975, linaanza na treni inaingia stesheni, polisi anashuka, anapanda farasi, safari ya majabali matupu na mlio wa gitaa. Mama yangu akiiona tu ile treni anafunga kanga upya na kumfukuza baba kwenye mkeka, anajua kilio kipo. Bwana yule nalo alilirukia, akaanzia kwenye wimbo. Mama alisimama akasema, "Mwanangu, hawa wameshapendana lini?" Akajibiwa, "Bi mkubwa, wakati unatafuta viatu."

Siti ya Mbele

Angalau mama aliitwa bi mkubwa. Mimi niliambiwa nzi.

Kimyakimya

Naomba kuchangia, siyo kawaida yangu. Kuna lile la kutisha la 1996, Scream. Linaanza na simu inaita, binti yuko peke yake nyumbani, bisi zinavimba jikoni. Binti ni Drew Barrymore, staa kuliko wote mle, na anauawa hapo hapo mwanzoni, ndiyo maana ukaogopa: kama huyu kafa, nani atabaki? Mimi nilikuja kulijua hilo mwaka jana. Pale kwa bwana yule aliruka, lakini kwenye maiki alikuwa ameshatutangazia kwamba Drew Barrymore yumo. Tulimsubiri mpaka taa zikawaka. Mzee mmoja aligoma kutoka, akasema bado hajaja.

Mwana wa Gungu

Nimecheka kwenye daladala, konda kaniomba nauli mara mbili.

Mzee wa Madumu

Embe Dodo, wewe mtu wa Tabora kwenye uzi wa treni unatafuta nini? Mabehewa yetu mkishayakata hapo, ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, tunaachwa tumekaa kama wale watatu wa Leone. Mwaka juzi nimekaa hapo stesheni yenu mpaka mama lishe akanijua kwa jina na kunipa mtoto wake nimfundishe hesabu.

Embe Dodo

Hesabu alifaulu?

Mzee wa Madumu

Treni ilikuja tuko kwenye hesabu za sehemu.

Embe Dodo

Sasa lawama zetu ni zipi hapo? Tumekulisha, tumekupa ajira. Na asali ulinunua, usikatae.

Mzee wa Madumu

Asali yenyewe nusu sukari.

Embe Dodo

Hapo umevuka mstari mkuu. Tukana stesheni, tukana maembe, asali ya Tabora iache. Mawese yenu mnayochanganya na maji ya ziwa nimewahi kuyasema?

Siti ya Mbele

Jamani, turudi kwenye mada. Alisema KWA MAIKI.

Fundi Redio

Mawese hayachanganyiki na maji, Embe Dodo. Hiyo ni chai.

Binti Ujiji

Hebu subirini. Siti ya Mbele, si wewe yule mwenye vichanja vya dagaa Kibirizi, upande wa kule maboti ya mwisho, kofia nyekundu? Nilikuona usiku ule nikasema sura hii naijua.

Siti ya Mbele

Kazi yangu haihusiani na uzi.

Mwana wa Gungu

Kwa hiyo hakukutukana. Kakwambia urudi kazini.

Kimyakimya

Nimefuta maji ya kunywa kwenye skrini.

Mzee wa Madumu

Kumbe nzi anaowaangalia bure kila siku, kaenda kumlipia mmoja mia tano.

Siti ya Mbele

Yule wa kwenye picha alikuwa anaigiza! Hamuelewi! Wangu hawakai usoni zaidi ya sekunde moja, na hakuna aliyewahi kuwasikiliza kwenye mtutu! Kesho naenda pale na rimoti yangu mwenyewe, fundi kaniambia za chapa ile zinaingiliana.

Fundi Redio

Fundi si mimi, wasije wakasema.

Embe Dodo

Mkuu Siti ya Mbele, samahani, natoka nje ya mada. Huku Tabora mke wangu anataka dagaa wa Kigoma, wale wakavu kabisa, si wa mchanga. Unaweza kuweka kwenye treni?

Binti Ujiji

Na mimi nina dada Dodoma anataka, debe moja.

Siti ya Mbele

Dagaa wapo. Wamekauka vizuri, ni wa kichanja, mchanga hawajaugusa. Njooni inboksi tuongee bei. Ila suala la maiki halijaisha.

Embe Dodo

Wana nzi?