Aquemini au ATLiens? Naombeni ushauri wadau wa hip hop ya kusini
Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa mnaoielewa hip hop ya kusini mwa Marekani hasa Atlanta. Nimezama kwenye Aquemini ya OutKast, lile kundi la Andre na Big Boi, ile ya 1998, kwangu ndo albamu yao kali kuliko zote ila washkaji wanabisha, wanasema ATLiens ya 1996 ndo habari nyingine, eti Aquemini nyimbo ndefu mtu unasinzia. Sasa unasinziaje kwenye SpottieOttieDopaliscious jamani? Zile tarumbeta zinavyoingia taratibu juu ya besi, Andre na Big Boi hata hawachani, wanapiga stori tu, mi vinyweleo vinasimama kabisa. Halafu wimbo wa Rosa Parks pale katikati, makofi na kinanda cha mdomo, anayepiga ni mchungaji, baba wa kambo wa Andre, yani kanisani kabisa pale. Liberation ndo inakaribia dakika 9, hapo nawaelewa kidogo.

Mnaosikiliza tangu zamani, ipi imekaa zaidi na kwa nini? Na nikitoka hapa niende albamu ya Soul Food ya Goodie Mob, kundi la hapohapo Atlanta, au nihamie Texas kwa kundi la UGK, albamu ya Ridin' Dirty? Naombeni sababu wakuu, sio jina tu.