Naomba ushauri: tunapimaje nafuu ya watu tunaowahudumia?

Mratibu_Huduma: Wakuu, habari za kazi. Nipo kwenye shirika dogo la hisani linalotoa ushauri nasaha kwa watu wenye sonona. Kila robo mwaka tunaandika wangapi wamekuja na vikao vingapi vimefanyika. Sasa mfadhili anauliza: hao watu wamepata nafuu? Swali ni la haki, na mimi mwenyewe nataka jibu lake. Ila bodi inapendekeza dodoso la kurasa sita. Mtu kakesha analia, nimwekee kurasa sita mbele? Wenye uzoefu wa ufuatiliaji na tathmini nisaidieni.

Tathmini77: Kurasa sita usithubutu, na dodoso la kujitungia pia acha. Yapo mafupi ambayo watafiti wameshayapima. Kwa sonona kuna PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27. Zikishuka 5 au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa nafuu ya maana. Wahudumiwa wenu walijaze kabla ya kikao cha kwanza, kisha tena baada ya muda mliopanga. Bila alama za mwanzo, za mwisho hazikuambii kitu.

Mama_Nasaha: Naongezea hapo hapo. Swali la 9 la PHQ-9 linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla hamjagawa karatasi hata moja, mkubaliane nani atasoma majibu siku ile ile na atachukua hatua gani. Karatasi yenye jibu hilo isilale kwenye faili ikimsubiri mtu wa takwimu. Tafadhali sana.

Mchambuzi_D: Mimi nawaza walioacha njiani. Mkipima waliofika kikao cha mwisho tu, alama zitapendeza kwa sababu waliokata tamaa hawamo. Watafuteni, au angalau mtaje idadi yao kwenye taarifa. Halafu watu wengi huja wakiwa pabaya kuliko kawaida yao, na baadhi wangepata nafuu hata bila nyie. Kwa hiyo andikeni kwamba mmechangia, msiandike kwamba mmewaponya. Mfadhili makini ataliheshimu hilo.

Mratibu_Huduma: Asanteni sana. Wasiojua kusoma je? Mshauri awasomee?

Tathmini77: Wasomewe, ila si na mshauri wao. Ni vigumu kumwambia usoni mtu aliyekusikiliza miezi yote hiyo kwamba hujasaidika. Na aliyesomewa mwanzo asomewe na mwisho, kwa maneno yale yale.

Mama_Nasaha: Na siku ya kwanza mwulizeni kila mmoja yeye mwenyewe anataka nini kibadilike. Mmoja atasema usingizi, mwingine kurudi kazini, mwingine kuongea tena na mwanawe. Liandikeni kwa maneno yake, kisha mrudieni nalo baadaye. Hata mfadhili asipoliomba, mshauri analihitaji ili ajue kama kikao kijacho kiendelee vile vile au kibadilishwe.