Vipimo vya usugu wa mbu kwa dawa vinatoa majibu tofauti kila siku: kosa liko kwa mbu, kwenye karatasi au mikononi mwetu?

Mpunga_na_Mbu

Habari wadau. Naomba msaada kwa wanaofanya vipimo vya mirija vya WHO (Shirika la Afya Duniani), ambavyo mbu hufungiwa na karatasi yenye dawa kuona kama inawaua. Tunapima mbu wa kundi la Anopheles gambiae, waenezaji wa malaria, kutoka vijiji vyenye mashamba ya mpunga, kwa karatasi za deltamethrini 0.05% (dawa ya kuua wadudu ya kundi la pairethroidi). Kila mara tunatumia mirija minne yenye dawa na miwili ya kulinganishia isiyo na dawa, mbu 25 kila mrija. Hawa ndio waliokufa baada ya saa 24:

Siku ya 1: wenye dawa 71 kati ya 100, wa kulinganishia 2 kati ya 50
Siku ya 2: 94 kati ya 100, wa kulinganishia 9 kati ya 50
Siku ya 3: 78 kati ya 100, wa kulinganishia 5 kati ya 50

Mbu wa siku ya kwanza walilelewa tangu viluwiluwi. Siku ya pili waliolelewa hawakutosha, kwa hiyo tukapima waliokamatwa ndani ya nyumba asubuhi hiyohiyo. Siku ya tatu tulichanganya. Karatasi ni zilezile siku zote, na boksi lilikuwa kwenye friji ingawa umeme ulikatika kwa siku mbili. Chumba kina nyuzi 24 alfajiri, na saa tisa alasiri kinafika 32.

Nikijumlisha napata 243 kati ya 300, yaani 81%. Je, naweza kuandika kwamba usugu umethibitika?

---

Insektari_Pwani

Mkuu, usijumlishe. Hizo namba tatu zimetoka kwa mbu wa aina tatu, na wastani wake hauelezi mbu yeyote aliyeko kijijini kwenu.

Kipimo hiki kinataka majike wa siku 3 hadi 5 ambao hawajanywa damu. Sharti hilo lina sababu. Mbu anapozeeka, uwezo wa mwili wake kuivunja dawa hupungua, hivyo mbu wa wiki mbili anaweza kufa kwa dozi ambayo binti yake wa siku tatu anaivumilia. Aliyeshiba damu naye huwa anastahimili zaidi kuliko mwenye njaa. Mliowakamata ndani ya nyumba walikuwa mchanganyiko wa umri wote na matumbo ya kila hali: wengine wamenywa usiku huo, wengine wana mayai tayari. Juu ya hapo walishachoka kwa kukamatwa na kifyonzeo na kusafirishwa, ndiyo maana hata wasioguswa na dawa walikufa 9.

Sasa hesabu. Mwongozo wa WHO wa 2016 unasema vifo vya kulinganishia vikiwa chini ya 5% huviangalii, kuanzia 5% unasahihisha kwa fomula ya Abbott, na vikizidi 20% unatupa kipimo chote. Fomula ni hii: asilimia ya waliokufa kwa dawa, toa asilimia ya waliokufa kwa kulinganishia, gawanya kwa 100 uliyotoa hiyo ya kulinganishia, zidisha kwa 100. Kwa hiyo:

Siku ya 1: kulinganishia ni 4%, jibu linabaki 71%.
Siku ya 2: (94 − 18) ÷ (100 − 18) = 92.7%.
Siku ya 3: (78 − 10) ÷ (100 − 10) = 75.6%.

Kwa vigezo, 98% na zaidi ni mbu wanaodhurika na dawa, 90% hadi 97% ni dalili ya usugu inayohitaji uchunguzi zaidi, chini ya 90% usugu umethibitika. Siku ya 1 peke yake ndiyo inayosimama. Siku ya 2 imeponea chupuchupu kwenye mpaka wa 20%, na Abbott haifufui mbu waliokuja wagonjwa. Kwenye ripoti andika toleo la mwongozo mlilofuata, maana mipaka hii hufanyiwa marekebisho.

Kama ni lazima kutumia wa nyumbani, hasa Anopheles funestus ambaye viluwiluwi wake ni shida kuwapata na kuwalea, watagisheni mayai. Weka kila jike aliyeshiba damu kwenye kijirija chake chenye pamba iliyoloa na duara la karatasi ya chujio juu yake. Damu ikishameng'enywa atataga, nanyi mlee watoto. Ni kazi ya wiki mbili hadi tatu, lakini unapima mbu unaojua umri wao.

---

Dipa350

Naongezea upande wa viluwiluwi, kwa sababu waliolelewa hawakutosha na hapo ndipo mlipoharibikiwa.

Msichote kwenye kidimbwi kimoja. Viluwiluwi wa dimbwi moja mara nyingi ni ndugu wa mama mmoja au wawili, kwa hiyo mnapima familia, si kijiji. Chukueni kwenye madimbwi kumi au zaidi yaliyotawanyika: nyayo za ng'ombe, kingo za majaruba, mitaro ya maji ya kumwagilia. Zamisheni dipa (kikombe chenye mpini cha kuchotea viluwiluwi) ya mililita 350 taratibu kwa kuinamisha ukingo nyuzi 45, na kivuli chako kisitangulie, maana wakikiona wanazama. Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, Culex, mbu wa jamii nyingine, huning'inia kichwa chini na mrija wake wa kupumulia juu. Wachagueni palepale, msisubiri kufika maabara.

Pigeni hesabu kwa nyuma: mirija sita kwa mbu 25 ni majike 150. Nusu ya watakaotoka ni madume, na wengine watafia njiani, hivyo anzeni na viluwiluwi 450 hivi. Msiwarundike. Takriban 200 kwa lita moja ya maji kwenye trei, kina sentimita 2 hadi 3. Wakibanana wanatoka wadogo, na mbu mdogo hufa kirahisi kwa dawa na hata bila dawa, kwa hiyo usugu unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Chakula ni kile cha samaki wa mapambo, kisagwe kiwe vumbi, kinyunyizwe kidogo mara mbili kwa siku. Ukiona utando juu ya maji au harufu, umezidisha: utando unaziba pumzi zao na trei nzima inaweza kufa usiku mmoja.

Pupa (hatua ya mwisho kabla ya kuwa mbu) watolewe kila siku, na kila siku wawe na kizimba chao chenye tarehe. Huu ndio mtego unaowanasa wengi: pupa wa siku nne wakiwekwa kizimba kimoja, hakuna tena mtu anayejua nani ana siku 3 na nani ana siku 7. Wapeni maji ya sukari 10% kwenye pamba iliyokamuliwa. Ikichuruzika, mbu hunata na kufa, nawe utahesabu kifo kisichohusiana na dawa. Miguu ya meza iwekwe kwenye vikopo vya maji yenye mafuta kidogo, la sivyo siafu watawahi kabla yenu.

---

Mrija_Mwekundu

Mimi nazungumzia karatasi na mikono.

Karatasi moja isizidi matumizi sita, sawa na mbu 150. Mmetumia mara tatu, hapo sawa, lakini kila matumizi yaandikwe kwa penseli kwenye boksi pamoja na tarehe, kwa sababu kumbukumbu ya mtu haiaminiki kazi ikishapamba moto. Zinakaa nyuzi 4. Boksi likitolewa kwenye friji liachwe lifikie joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Ukifungua likiwa baridi, unyevu wa hewa unatua kwenye karatasi kama umande kwenye glasi ya maji ya barafu.

Siku mbili bila umeme hazisemi moja kwa moja kwamba dawa imepungua, ila huwezi kujua bila kupima. Hapo ndipo mnahitaji mbu wanaojulikana kuwa hawana usugu. Anopheles gambiae wa koloni la Kisumu, mbu wanaofugwa maabara, hutumika maabara nyingi kwa kazi hiyo. Ombeni mayai yao kwenye insektari (nyumba ya kufugia wadudu) yoyote ya utafiti iliyo karibu, yanasafiri vizuri kwenye karatasi ya chujio yenye unyevu. Wakifa 98% au zaidi kwa karatasi zenu, karatasi ni nzima na waliobaki hai kijijini ni wasugu kweli. Wakifa 85%, tupeni boksi, na namba zote mlizokusanya nazo hazina thamani. Bila hatua hii, mtu yeyote makini atakayeisoma ripoti atauliza swali hilohilo, na hamtakuwa na jibu.

Upande wa kulinganishia, vifo 9 kati ya 50 vinanifanya nishuku pia uchafuzi. Kifyonzeo cha mbu wa kulinganishia kiwe peke yake, kisiguse mrija wenye dawa hata mara moja. Mirija ya kulinganishia ya alama ya njano ijazwe kwanza, ndipo ya alama nyekundu yenye dawa. Glavu zibadilishwe katikati. Na waulizeni wakamataji kama walijipaka mafuta ya kufukuza mbu usiku ule. Mafuta hayo yakiwa kwenye vidole, yanahamia kwenye wavu wa mrija. Vilevile hakikisheni hakuna aliyewasha dawa ya mbu ya kuchoma chumba cha jirani.

Utaratibu wenyewe: mbu waingie kwanza mrija wa kupumzikia wenye alama ya kijani, wakae saa nzima, na waliovunjika mguu au wanaoyumba watolewe. Kisha wapulizwe taratibu kwenda mrija mwekundu. Pale kwenye kibati cha kutelezesha, kinachotenganisha mirija miwili, ndipo wengi huumia: gonga mrija kwa kidole mpaka usione mbu kwenye tundu, ndipo ufunge. Ukifunga kwa haraka unawakata, na kesho yake watahesabiwa wameuawa na deltamethrini. Mrija usimame wima kwa dakika 60 kamili, kisha warudi mrija wa kijani kwa saa 24.

Joto la 32 alasiri ni kubwa mno. Mwongozo unataka 27 kwa kuongeza au kupunguza 2, unyevu wa hewa 75% kwa kuongeza au kupunguza 10. Bila kiyoyozi, tumieni chumba kisichopigwa na jua la mchana, mirija iwe ndani ya boksi la plastiki lililofunikwa taulo yenye unyevu, na kipimajoto kiwe ndani ya boksi, si ukutani. Andikeni joto la juu na la chini la saa zote 24.

Saa ya kuhesabu: mbu hai ni yule anayeweza kuruka, hata akiwa na miguu mitatu. Anayetapatapa chali bila kuweza kuruka ni mfu.

---

Mpunga_na_Mbu

Asanteni sana. Tutaanza upya kwa waliolelewa tu, na mayai ya Kisumu tunaombea. Bado mawili. Wilaya inataka kujua chandarua kipi kinafaa, chenye PBO (kemikali inayoiongezea nguvu dawa ya pairethroidi) au chenye klorfenapiri (dawa ya kundi tofauti). Je, mirija hii inatosha kujibu? Na mbu 100 wanatosha?

---

Insektari_Pwani

Kuhusu 100: wanatosha kwa kigezo, lakini usiandike namba peke yake. Tuseme wamekufa 88 kati ya 100. Kiwango halisi kwa uhakika wa 95% kinaweza kuwa popote kati ya 80% na 93%, yaani kimevuka mpaka wa 90%. Andika mipaka hiyo kila mara. Kwa 71 kati ya 100 hakuna ubishi.

PBO mirija inajibu. Mbu wakae saa moja kwenye karatasi ya PBO 4%, mara moja wahamie deltamethrini 0.05% saa moja. Sambamba na hao muwe na wa deltamethrini peke yake, wa PBO peke yake, na wa kulinganishia, wote siku ileile na kutoka kizimba kilekile. Deltamethrini peke yake ikiua 71% na pamoja na PBO ikafika 98%, basi usugu unabebwa zaidi na vimeng'enya ambavyo PBO inavizuia. Ikipanda kufika 80% tu, kuna kitu kingine, mara nyingi mabadiliko kwenye mishipa ya fahamu pale dawa inaposhika. Pimeni pia ukali kwa karatasi za mara 5 (0.25%) na mara 10 (0.5%). Wakifa 98% au zaidi kwa mara 5, ukali ni mdogo. Wakinusurika mara 5 lakini wakafa kwa mara 10, ni wa kati. Wakinusurika hata mara 10, ni mkubwa.

Klorfenapiri msiijaribu kwenye mirija ya karatasi. Dawa hii inaingia ikiwa haijawa sumu kamili, na mwili wa mbu wenyewe ndio unaoigeuza, kwa hiyo inaua polepole. Hupimwa kwa chupa za mililita 250 zilizopakwa mikrogramu 100 ndani, mbu wakae dakika 60, kisha watazamwe mpaka saa 72. Anayesoma saa 24 ataiita dawa dhaifu, na atakuwa amekosea.

Lakini kipimo cha maabara hakichagui chandarua peke yake. Jaribio la Misungwi, Mwanza, lililochapishwa 2022, lililinganisha vyandarua vya aina nne vijijini kwa miaka miwili. Mwezi wa 24 watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa 45.8% kwenye vijiji vya vyandarua vya pairethroidi pekee, na 25.6% kwenye vile vya klorfenapiri pamoja na pairethroidi. Kabla yake jaribio la Muleba, Kagera, la 2018 lilionyesha faida ya PBO. Wekeni ushahidi huo mbele ya wilaya pamoja na namba zenu, na muwaeleze kwamba kudumu kwa chandarua nyumbani, matundu na kuisha kwa dawa, havionekani ndani ya mrija.

---

Dipa350

Na msiwatupe mbu mkishahesabu. Kwa macho Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hamwezi kuwatofautisha, ni PCR (kipimo cha vinasaba) tu. Kwenye mpunga arabiensis huwa wengi, na tabia zake ni tofauti: hula ng'ombe, hupumzika nje, chandarua humkosa. Kila mbu awekwe kwenye kijirija cha mililita 1.5, silika (punje za kufyonza unyevu) chini, pamba katikati, mbu juu. Akigusana na silika anasagika. Waliokufa na walionusurika wakae masanduku tofauti, na namba ya kijirija iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kinachoingia ndani, kwa sababu wino wa kalamu hufutika kwa pombe ya maabara. Silika ya bluu ikigeuka waridi ibadilisheni siku hiyohiyo.

Kabla ya kurudi nyumba kwa nyumba, barua ya mtendaji wa kijiji, kibali cha maadili na ridhaa ya mwenye nyumba viwe mkononi. Mwulizeni pia mkulima anapulizia dawa gani kwenye mpunga na lini. Chupa tupu zilizotupwa kando ya mfereji, piga picha lebo zake: nyingi za dawa hizo ni pairethroidi zilezile za kwenye chandarua.