Nimefunga fomuweki mita 402, nimelipwa mita 240. Huu si upimaji, ni wizi!

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na hili jambo siku tatu nikitafuta namna ya kulieleza bila matusi.

Mimi ni seremala wa fomuweki, yaani yale maboksi ya mbao yanayoshika zege bichi mpaka likauke, hapa Dar, nina vijana saba. Tulichukua kazi ya ufundi tu kwenye jengo moja la ghorofa. Mbao, marine bodi, mirunda na misumari vya mkandarasi, mikono yetu. Tukakubaliana Sh 7,000 kwa mita ya mraba, kufunga na kufumua. Sikuuliza mita ya mraba ya nini. Hapo ndipo nilipoliwa.

Tukafunga ghorofa ya kwanza. Zege likamwagwa, hakuna boksi lililopasuka, hakuna bimu (mhimili wa zege unaolala juu ya nguzo) iliyolala. Tumefumua, nguzo zimenyooka kama zimechorwa. Siku ya malipo mkadiriaji majenzi wao, yule anayepima kazi na kupiga hesabu za malipo, akafungua ramani mezani, hata ngazi hajapanda, tepu hajashika. Akapiga urefu wa jengo 20 mara upana 12, akaandika 240. Namuuliza, na nguzo? "Zimo humo fundi." Na bimu? "Zimo humo." Zimo wapi? Nguzo inalala chini kama mkeka?

Ngoja niwapigie hesabu, anayebisha achukue kikokotoo. Jengo lina nguzo 24, za sentimita 30 kwa 30. Kutoka sakafu mpaka juu ya slabu (sakafu ya zege ya ghorofa inayofuata) ni mita 3, bimu ina kina cha sentimita 45, kwa hiyo boksi la nguzo linapanda mita 2.55. Pande nne ni mita 1.2, ukizidisha unapata 3.06 kwa nguzo moja. Mara 24, mita za mraba 73.44. Hizo zote kwake ni sifuri!

Njoo kwenye bimu. Upana ni sentimita 30 sawa na nguzo, mistari minne kwa urefu wa jengo na sita kwa upana. Ukipima kati ya nguzo na nguzo unapata mita 137.6. Slabu ni sentimita 15, kwa hiyo bimu inaning'inia sentimita 30 chini yake. Bimu za ndani, mita 79.6, zina mbavu, yaani pande za wima, mbili. Za pembezoni, mita 58, ndani ni sentimita 30 lakini nje unafunga 45 zote kwa sababu ukingo wa slabu nao unataka ubao. Jumla ya mbavu peke yake ni mita za mraba 91.26. Chini ya slabu na chini ya bimu, ukishatoa sehemu za nguzo, ni 237.84. Jumlisha zote: 402.54.

Yaani mita 162 na nusu tumefanya bure. Kwa bei ile ni Sh 1,137,780. Hiyo ni hela ya vijana wangu, mmoja mkewe kajifungua juzi.

Ngazi sijaigusa hapo, iko nje ya huo mstatili na ina ugomvi wake. Kila uso wa kidato ni ubao unaokatwa, unaopigwa pima maji, unaofungwa. Kichekesho ni kwamba huyu bwana alitaka hata kunikata matundu mawili ya mabomba, sentimita 60 kwa 60, eti hapo hakuna slabu. Tundu ndilo linaloongeza kazi! Unafunga chini kama kawaida halafu unatengeneza boksi juu yake. Ndiyo maana kanuni za upimaji haziyakati matundu madogo kama hayo.

Nilipokaza shingo akaja na ujanja mwingine: basi tukulipe kwa ujazo wa zege. Mafundi wenzangu, mkiambiwa hivyo kimbieni. Nguzo ya 30 kwa 30, kila mita moja ya ujazo inakula fomuweki mita za mraba 13.3. Slabu ya sentimita 15 inakula 6.7 tu. Kitako cha msingi cha mita 1.5 kwa 1.5, kina sentimita 40, hakifiki hata 3. Zege ni lile lile, kazi ya seremala imepishana mara nne na zaidi. Fomuweki inapimwa pale mbao inapogusa zege, basi. Ndiyo maana nguzo, bimu na slabu zinaandikwa mbalimbali, na urefu wa mirunda unatajwa, kwa sababu kusimama mita 5 si sawa na kusimama mita 2.

Sasa kilichonichoma hasa. Juzi nimeona karatasi ya madai anayopeleka kwa mwenye jengo. Chini ya slabu, mstari wake. Mbavu na chini ya bimu, mstari wake. Pande za nguzo, mstari wake, kila kimoja na bei yake. Kumbe anajua kupima! Akidai anaziona mbavu za bimu, akilipa anakuwa kipofu.

Najua mtakuja na "mkataba uko wapi". Ulikuwa wa mdomo, nimekosa, msinipige mara ya pili. Ninachotaka ni mwenye maneno mazuri ya kuandika kwenye makubaliano aniwekee hapa, hata mistari miwili. Jina la kampuni silitaji, hela yangu bado iko kwao.

Wanataka kesho tuanze kufunga ghorofa ya pili. Mbao zimepandishwa, hazijapigwa msumari hata mmoja. Mkadiriaji, kama unasoma hapa, njoo saa mbili asubuhi na tepu yako. Kichwa chake nitakushikia mwenyewe.