Kuuza majina ya domeini: bado kunalipa au nimechelewa?

Kijana wa Nyakato: Habari za jioni wakuu. Niko Mwanza, nina duka la steshenari. Wateja wananiuliza sana habari za tovuti, nikawaza niwe wakala wa kuuza domeini, yaani majina ya anwani za tovuti na barua pepe, .co.tz na .com. Mtaji wangu ni laki tano. Nimepiga hesabu, faida kwa jina moja naiona ndogo mno. Kuna mtu anaendesha maisha kwa kazi hii?

Dada wa Njiro: Karibu mdogo wangu. Mimi niko Arusha, huu ni mwaka wangu wa 9. Hesabu yako ni sahihi. Verisign, wenye kuendesha .com, wanamuuzia msajili, yaani kampuni yenye kibali cha kuandikisha majina, kwa dola 10 na kitu kwa mwaka. Msajili anaweka chake, ndipo nawe uweke chako. Ukizidisha, mteja anaingia mwenyewe mtandaoni na kulipa kwa kadi. Kuwa msajili kamili wa ICANN, shirika la kimataifa linalosimamia majina ya mtandao, kuweke kando: maombi peke yake ni dola 3,500, halafu 4,000 kila mwaka. Laki tano ni ya uwakala.

Kinachonilisha ni kuhuisha, yaani kulipia jina upya kila muda unapoisha, na kutunza. Jina la domeini ni kama fremu ya duka, unalipia muda, na muda unaisha.

Mwaka wangu wa 2 nilikuwa na mteja, mama mwenye kampuni ndogo ya kupeleka wageni Serengeti. Taarifa za kuisha muda zilikuwa zinakuja kwenye barua pepe yangu ya zamani, siifungui. Julai, msimu umepamba moto, Jumamosi saa 1 asubuhi ananipigia: "Mwanangu, toka jana hakuna barua pepe inayoingia." Jina lilikuwa limeisha muda, na barua pepe zake zikakatika nalo. Nikalipa palepale. Bahati nzuri jina lilikuwa bado kwenye siku za nyongeza, zile ambazo mwenyewe bado anaweza kulilipia baada ya kuisha, likarudi. Lakini wageni waliokuwa wakisubiri jibu walishalipa kwingine. Ile safari ilikuwa ada ya shule ya wanawe. Iliniuma, na bado inaniuma.

Toka siku ile nina daftari la kaunta. Kila jina na ukurasa wake: tarehe ya kuisha, simu mbili za mwenyewe, nani analipa. Siku 60 kabla, napiga simu. Meseji siitegemei.

Na jina liandikishe kwa mteja, kwa barua pepe yake. Wapo mafundi wanaoandika majina yao ili mteja asihame. Huko ni kumfungia mtu duka lake na kukaa na ufunguo.

Bandarini: Dadangu amenena. Huku Mombasa, tangu 2017 mtu anaweza kuchukua .ke moja kwa moja bila .co, na wenye maduka wanaipenda kwa sababu inaenea vizuri kwenye kibao na kwenye gari. Soko halijajaa. Hesabu tu vibao vya barabarani vyenye anwani ya Gmail, hao wote hawatumii jina lao wenyewe.

Kijana wa Nyakato: Kweli kabisa. Hapa jirani kuna shule mbili za sekondari, fomu za kujiunga nawachapia mimi, na zote zina Gmail ya mkuu wa shule.

Dada wa Njiro: Basi umeshapata pa kuanzia. Shule wana .sc.tz yao. Mkuu akihamishwa, ile Gmail anaondoka nayo pamoja na barua zote za wazazi. Mwambie hilo kwanza, bei baadaye. Nenda kabla fomu za Januari hazijachapwa, anwani mpya itoke nazo.