Mgombea wetu baraza la EVE: tusimamishe mtu au tuendelee kunakili orodha za wakubwa?

Rubani_Chwaka
Wakuu, kila uchaguzi wa baraza la wachezaji wa EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za anga, ukikaribia tunarudi pale pale. Sisi wa Afrika Mashariki tusimamishe mtu wetu, au tuendelee kunakili orodha za kura za miungano mikubwa ya 0.0, anga isiyo na polisi? Mimi nasema tusimamishe.

Kwa wageni: baraza lipo tangu 2008. Mwaka mmoja kabla yake iliibuka kashfa ya mfanyakazi wa CCP, kampuni ya Iceland inayotengeneza mchezo, aliyeupa upande wake michoro adimu ya kutengenezea vitu kinyemela, na imani ikapotea. Wajumbe husaini mkataba wa siri, huonyeshwa mabadiliko kabla hayajatangazwa, hukutana na watengenezaji mtandaoni na hupelekwa Reykjavik kwa gharama ya kampuni. Hawana kura ya kupitisha kitu, wanashauri tu. Lakini 2011, watu walipoimiminia risasi sanamu ya Jita, soko kuu la mchezo, kwa hasira ya duka la mavazi lililouza miwani ya jicho moja kwa takriban dola 60, ni baraza lililoitwa Iceland haraka kukaa na kampuni. Mwisho wa mwaka ule kazi ikarudi kwenye meli.

Kugombea si jambo gumu. Akaunti yako iwe safi, kampuni uipe jina lako halisi na kitambulisho, kisha uandike unachosimamia. Kazi ni kura. Na wachimba madini wa anga za ulinzi, zile zenye polisi, ambao hawapigi kura, waache kulia wakilipuliwa.

Mchimba_Makini
Kaka, nimekusoma vizuri mpaka sentensi ya mwisho. Hiyo siipiti.

Mchimbaji wa 0.5, daraja la chini la anga za ulinzi (la juu ni 1.0), halii bure. Catalyst moja, meli ndogo ya kivita, ikifungwa vifaa vya T2 (daraja la pili) inatoa madhara kama 600 kwa sekunde. Kwenye anga ya 0.5 CONCORD, polisi wa mchezo, wanachukua sekunde kama 19 kufika, kwenye 0.9 na 1.0 ni 6 tu. Piga hesabu: 0.5 meli moja ya bei rahisi inamwaga zaidi ya 11,000 kabla haijauawa, 1.0 haifikishi 4,000. Mpangaji wa mashambulizi anajua idadi ya Catalyst anazohitaji kabla hajatoka kituoni. Hilo ni suala la muundo wa mchezo, na baraza lipo kwa ajili ya masuala hayo. Kumwambia mtu anyamaze kwa sababu hakupiga kura ni kumnyima mlango ule ule unaodai kumfungulia.

Bi_Mkubwa_wa_Skiff
Mchimba, hesabu yako ni nzuri ila umeacha kitu. Sekunde 19 ni pale CONCORD hawajaitwa bado. Walipuaji wenye akili huanza kwa kuwavuta: rubani mmoja anafanya kosa dogo mbali, polisi wote wanakwenda kule, ndipo wenzake wanaingia kwenye mkanda wa mawe. Muda unaongezeka sekunde kadhaa. Polisi wakiwa tayari wamesimama pale ulipo, shambulio linakufa papo hapo.

Na tuseme ukweli, wengi hulipuliwa kwa kufunga meli vibaya. Kati ya Exhumer, meli za juu za kuchimba, Hulk ndiyo inayochimba zaidi na ndiyo nyepesi zaidi. Mtu anajaza viongeza uchimbaji nafasi zote za chini, anabaki na ganda la yai. Chukua Skiff, ile ngumu, weka Damage Control II (kipunguza madhara) chini, kinga za ngao katikati, viimarisha ngao kwenye rigi (nafasi za maboresho ya kudumu). Utachimba kidogo kuliko jirani. Mlipuaji akikupima kwa skana atamfuata jirani.

Mchimba_Makini
Dada, Skiff naijua. Nilikuwa najibu mtu aliyesema tusilie.

Kambi_ya_Delve
Mnabishana kuhusu ngao na swali ni uchaguzi. Niseme kwa niaba ya hao "wakubwa": orodha zetu zinashinda kwa sababu watu wetu wanapiga kura. Mgombea anahojiwa ndani ya muungano, orodha inatangazwa, kila rubani anaelekezwa. Hakuna uchawi.

Tundu_la_J
Hakuna uchawi, lakini kuna akaunti. Kura ni kwa akaunti inayolipiwa, yaani Omega, si kwa mtu. Rubani wa 0.0 mwenye akaunti 12 ana kura 12, na mtoto wa watu mwenye Omega moja ana kura 1. Muungano wenye marubani elfu mbili unaweza kuja na kura elfu sita. Huo ni uchaguzi wa wenye mifuko.

Kambi_ya_Delve
Kila akaunti inalipiwa, PLEX 500 (tokeni ya malipo ya mchezo) kwa siku 30. Anayelipia 12 anaweka mezani mara 12 yako. Na ninyi wa matundu, anga zilizofichika zinazofikiwa kwa mashimo tu, msijifanye maskini, kila mmoja wenu ana rubani wa kuskani, wa kukaba mlango na wa kubeba mizigo.

Tundu_la_J
Kwa hiyo unakubali kwamba ni soko. Asante kwa kusema wazi. Usiniambie tena "watu wetu wanapiga kura", sema "akaunti zetu zinapiga kura".

Kambi_ya_Delve
Ndugu, unanitafuta. Leta njia yako ya kuhesabu watu badala ya akaunti, tuione.

Tundu_la_J
Rahisi. Kadi moja ya malipo, kura moja.

Karani_wa_Kura
Hapo Tundu umeteleza, na ukiteleza hapo sisi ndio tutakaoumia. Akaunti nyingi hazilipiwi kwa kadi kabisa. Mtu anachuma ISK, pesa ya ndani ya mchezo, ananunua PLEX sokoni Jita, anaongeza siku zake 30, na hakuna kadi popote. Utamnyima kura? Halafu huku kwetu kadi moja ya mtandaoni iliyojazwa kwa pesa ya simu inalipia akaunti za ndugu watatu nyumba moja. Kwa sheria yako hao watatu wanabaki na kura moja, wakati mtu wa Ulaya mwenye kadi nne za benki anabaki na nne. Anwani ya intaneti nayo haisaidii, maana mitandao yetu ya simu inawaweka maelfu nyuma ya anwani moja. Njia ya kweli ni kila mpiga kura atoe kitambulisho, na hapo nusu watakaa pembeni.

Turudi kwenye namna kura zinavyohesabiwa, maana tangu 2013 hiyo ina uzito kuliko idadi ya akaunti. Zamani uliandika jina moja tu. Muungano ulilazimika kugawa kura zake kwa maelekezo, ukikosea mmoja anazoa zote na mwenzake anaanguka. Sasa unapanga majina kwa mpangilio, na mfumo ni Wright STV, yaani kura inayohamishika.

Mfano wa kujifunzia: kura 33,000, viti 10. Gawa kwa 11, jumlisha 1: kiwango cha kushinda ni 3,001. Muungano una kura 10,000 zenye orodha ile ile. Wa kwanza wao anapata 10,000, anabaki na 3,001, ziada 6,999 inahamia kwa wa pili. Kila karatasi inasafiri na uzito wa 0.6999. Wa pili naye anachukua 3,001, zinabaki 3,998. Wa tatu anachukua, zinabaki 997. Wa nne hafiki bila msaada wa nje. Yaani karibu theluthi ya kura inakupa karibu theluthi ya viti, huwezi kuzoa vyote.

Sasa tuseme sisi tupo 60. Mtu wetu anatolewa mapema, hilo tulikubali kabisa. Lakini akitolewa hesabu inaanza upya kana kwamba hakugombea, na karatasi zetu 60 zinakwenda kwa jina la pili zikiwa na uzito kamili wa 1. Hatukupoteza kitu. Tunachopoteza ni pale mtu anapoandika jina moja akaacha nafasi tisa wazi: karatasi yake inakufa hapo hapo, na kiwango cha kushinda kinapigwa upya kwa kura zilizobaki hai. Karatasi iliyokufa inawarahisishia kazi wale wenye orodha kamili.

Tundu_la_J
Hoja ya kadi naifuta. Ya akaunti 12 siifuti.

Mchimba_Makini
Karani, hii ndiyo sababu wachimbaji hawapigi. Hakuna aliyewaeleza kwamba jina la pili na la tatu lina kazi. Wanaona majina thelathini wasiyoyajua, wanafunga ukurasa.

Nahodha_Muscat
Mnasahau kazi yenyewe ya ujumbe. Saa za mchezo ni za UTC. Seva inazimwa kila siku saa 11:00 ya mchezo, Dar na Nairobi ni saa nane mchana. Kikao kikiwekwa saa 20:00 ya mchezo, kwa Iceland ni jioni njema, Bujumbura saa nne usiku, Nairobi saa tano, huku kwetu Muscat saa sita. Mgombea wetu aseme mapema kwamba ataweza, vikao ni vya mwaka mzima.

Halafu Reykjavik. Kampuni inalipa ndege na hoteli, haikupi viza. Iceland ipo Schengen. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na maombi yapelekwe si mapema kuliko miezi 6 wala pungufu ya siku 15 kabla ya safari. Miadi ndiyo inayokwamisha watu, si fomu. Mjumbe aombe barua ya mwaliko siku ile ile tarehe inapotangazwa, na jina kwenye mwaliko lilingane na pasipoti herufi kwa herufi.

Kambi_ya_Delve
Na muwaambie pia kwamba ujumbe una hatari zake. 2019 mjumbe mmoja alivuliwa kiti na akaunti zake zikafungwa kwa tuhuma ya kuvujisha siri. Wiki chache baadaye kampuni ikakiri imekosea, ikaomba radhi. Mwaka huo huo wa 2019, Julai, waliondoa orodha ya waliopo angani kwenye 0.0 yote, watu wakapungua mpaka walipoirudisha Septemba. Baraza halikuwa na rungu la kuwazuia.

Tundu_la_J
Ile miezi miwili mliishi kama tunavyoishi sisi kwenye matundu kila siku, bila orodha. Mkapiga kelele dunia nzima ikasikia. Kumbe kulia kunaruhusiwa kwa wenye kura nyingi.

Bi_Mkubwa_wa_Skiff
Tundu hapo umesema. Na Rubani aliyeanzisha yote haya kanyamaza.

Rubani_Chwaka
Sijanyamaza, nilikuwa nasoma. Mchimba, ile sentensi niliiandika vibaya na naiondoa. Nilitaka wapige kura, nikawatukana badala ya kuwaita.

Napendekeza hivi: nafasi ya 1 mtu wetu. 2 na 3, wagombea wa anga za ulinzi. 4 na 5, watu wa matundu, maana wamezoea kusimama bila muungano mkubwa nyuma yao. 6 mpaka 10, wa 0.0 waliojibu maswali yetu hadharani. Asiyejibu haingii, hata kama ni wa kambi ya rafiki yetu hapa.

Kambi_ya_Delve
Sawa. Andikeni maswali, nitayapeleka kwa watu wetu.

Mchimba_Makini
La kwanza naliandika mimi: "Sekunde 19 za anga ya 0.5, utashauri zipungue, zibaki au ziongezeke, na kwa sababu gani?" Jibu liwe na namba. Anayejibu "nitasikiliza wachezaji wote" aende nafasi ya 11, ambayo haipo.

Bi_Mkubwa_wa_Skiff
Ongeza hapo: na kuvuta polisi mbali na mkanda, kubaki au kuondolewe?

Mchimba_Makini
Imeongezwa, dada. Rigi za Skiff ulisema viimarisha ngao vyote vitatu au viwili?

Bi_Mkubwa_wa_Skiff
Exhumer ina nafasi mbili za rigi, si tatu. Zote mbili ngao.