Mrejesho: nitraiti kwenye maji ya bahari, sasa inaonekana

Wakuu habari zenu, nimerudi. Niliuliza nitapimaje nitraiti (NO2) na nitrati (NO3) kwa kromatografia ya ioni, yaani mashine inayotenganisha ioni za kwenye maji moja moja, kwenye maji ya bahari ya Chwaka, Zanzibar, maana detekta ya kondaktiviti (inayopima maji yanavyopitisha umeme) ilikuwa inanipa piki, yaani mlima kwenye grafu, moja kubwa ya kloridi na nitraiti imemezwa humo humo. Maji ya bahari yana kloridi kama gramu 19 kwa lita, afu sisi tunatafuta maikrogramu!

Bas, mkuu aliyesema nihamie detekta ya UV (inayopima mwanga wa urujuanimno unaofyonzwa na ioni) alikuwa sahihi kabisa. Nimeweka urefu wa wimbi nanomita 225, na eluenti (kimiminika kinachosukuma sampuli) nimetumia sodiamu kloridi yenyewe, yaani kloridi ya sampuli inaingia kwenye kolamu (bomba linalotenganisha ioni) ambayo tayari imejaa kloridi kwa hiyo haisumbui tena, na UV nayo karibu haiioni. Nitraiti imesimama peke yake, inafuata bromidi, hiyo ni kubwa kwa sababu ipo kama miligramu 65 kwa lita, ndo nitrati inakuja nyuma yake.

Katriji za silva (vichujio vyenye madini ya fedha) sitaki tena, zinatoa kloridi sawa lakini zinaondoka na bromidi na iodidi, na iodidi naitaka kwa ajili ya wakulima wa mwani. Standadi (myeyusho wa kiasi kinachojulikana, wa kulinganishia) tengenezeni kwenye maji ya chumvi, sio maji safi, piki zinahama. Na chujeni sampuli mapema, vijidudu vinakula nitrati njiani.

Iodidi bado inachelewa kutoka na piki inajivuta mkia, mwenye kolamu inayoitoa vizuri aniambie. Asanteni sana, mmeniokoa.